Neno Juu ya Ulingo

Walikutana mlangoni pa lifti, siku umeme uliporudi na jengo zima likataka kupanda kwa wakati mmoja.

"Kaka, unanikanyaga!"

"Samahani, dada. Jicho la upande huo halioni."

Lilikuwa limevimba kama andazi. Binti alivaa gauni la njano, kucha nyekundu.

"Nani kakufanya hivyo?"

"Muulize hali yake kwanza."

Akacheka mpaka akashika ukuta, na yule kaka, bondia, akanasa hapo hapo.

Wakachumbiana. Alichojua bondia ni kwamba mchumba wake anafanya kazi kwenye video za mtandaoni. Hakujua kazi yenyewe ni kuchagua maoni ya watazamaji, yale yanayopita juu ya picha, na kuyapanua yaonekane na wote.

"Utaniangalia leo, kipenzi?" alimpigia simu kabla ya pambano.

"Kuliko wote, mpenzi."

Raundi ya tano mpinzani aliegemea kamba, mikono chini, damu ikimtoka puani. Kwenye chumba cha matangazo, bosi wa binti akainama begani kwake.

"Mtu akiona mwenzake kachafukwa na hasira, naye huchafukwa, huandika, haondoki. Panua hiyo!"

MVUNJE. Watu watatu tu walikuwa wameiandika. Akabonyeza. Kufumba na kufumbua maelfu wakairudia, ikajaa kwenye skrini kubwa juu ya ulingo. Bondia akainua macho, akasoma, akapiga. Taya likalia. Akapiga tena, na tena, hadi refa alipomrukia shingoni.

"Watu wote walinituma," alisema bondia baadaye, kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Hawakuwa wote. Ni mimi niliyeipanua," alisema binti aliyekuja kumwona.

Ngumi ya bondia ikabonyeza mlango wa kabati. "Toka! Toka nisikuone!"

Siku zikapita bila simu. Kisha ikalia.

"Yule niliyempiga kazinduka," alisema bondia. "Ila hawezi kusema."

"Nimeacha kazi. Bosi alitaka sasa nipanue vilio vya wanaomhurumia. Alisema huruma nayo inashika watu."

"Nakupenda, na nimekukasirikia. Nifanyeje?"

"Twende kwao huyo uliyempiga. Mambo yetu baadaye."

Mama wa majeruhi alifungua mlango, akamtambua bondia; binti akatangulia kukiri kwamba ni yeye aliyelipanua lile neno. Kofi la kwanza lilimpata binti, hereni ikaruka.

"Mama, nipige mimi," alisema bondia.

Akampiga, kwa mikono miwili, huku akilia. Yule ambaye hajawahi kula ngumi bila kuirudisha aliweka mikono nyuma, akainama ili mama amfikie vizuri.