Thamosi Isiyo na Namba

"Ugali umeiva. Usipakue."

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Tryphena katikati ya soko la usiku la Moshi, wasichana thelathini wa sekondari moja ya Voi wakiwa wamezingira meza ya muuza vyombo kama siafu walioona mfupa.

Akausoma. Akaufuta.

Yaani, mzigo umeshakabidhiwa. Usiuguse.

Shida ni kwamba hakuwa ameuona.

Shuleni walimjua kama metroni mpya, mwanamke mpole wa Werugha asiyeachana na sanduku lake la huduma ya kwanza. Hawakujua kwamba chini ya pakiti za sodo, mahali ambapo hakuna mwanamume wa forodha anayethubutu kutia mkono, kulikuwa na bastola, Glock 19. Wala hawakujua kwamba jasusi aliyemtangulia katika kazi hii, Sylus, alitolewa maiti kwenye matete ya Ziwa Jipe wiki iliyopita, mikono imefungwa kwa waya.

Aliyemfunga alikuwa hapa hapa sokoni, anakula mishkaki.

Morris, mwelekezi wa safari. Shati jeupe, meno meupe. Wasichana walimwita Anko.

"Mama, tupunguzie bwana," Kasiva, domo la darasa, alikuwa akimbembeleza muuzaji. "Sisi ni wanafunzi. Hata Yesu alikuwa na huruma."

"Yesu hakulipia meza hii. Lakini mkichukua thelathini, tutaelewana."

Wakaelewana. Thamosi thelathini, zote nyekundu, zote na ua moja jeupe ubavuni. Bwenini maji ya moto hutoka mara moja, na asiye na thamosi huoga barafu.

Tryphena alipoinua macho, Morris hakuwepo.

Asubuhi, mpakani, maafisa walikagua begi la Morris na viatu vyake mpaka soli. Mabegi ya wasichana hawakuyagusa. Nani atapekua watoto waliovaa sweta za shule, wanaimba?

Hapo akaelewa. Akajitenga nyuma ya basi, akapiga simu Nyumbani, ndivyo walivyoyaita makao yao.

"Nyumbani, mzigo uko kwa watoto."

"Upite," bosi akasema.

"Ni detoneta za mabomu, bosi. Zikitikisika vibaya..."

"Najua ni nini. Mhandisi anazitaka kwa daraja la reli. Sisi tunamtaka Mhandisi. Treni moja hubeba watu wangapi?"

"Na hili basi?"



"Upite, Tryphena."

Taveta ikabaki nyuma, na Bomeni, na mashamba ya ndizi. Basi lilikuwa limeshika kasi nyikani wakati msichana mwembamba mwenye hijabu nyeupe alipokuja kwenye kiti chake. Firdaus. Babake alikuwa fundi cherehani pale Voi.

"Metroni, samahani. Nimeibiwa thamosi yangu."

"Si hiyo umeishika?"

"Hii si yangu. Yangu niliitia namba yangu ya shule jana kabla ya kulala, huku kwenye kitako, kwa rangi ya kucha. Sote tulitia. Hii haina kitu. Tena yagonga-gonga ndani, hebu sikiza."

Akaitikisa sikioni.

Tryphena akaushika mkono wake.

"Usiitikise, mwanangu." Alisema kwa sauti ya chini, kama mama aliyeona nyoka karibu na mguu wa mtoto. "Nipe. Polepole. Hivyo hivyo."

Kitako kilikuwa kizito kama jiwe.

Morris alijua njia zote za panya na bei ya kila askari. Lakini hakuwahi kulala bweni. Hakujua kwamba msichana wa bweni atalala njaa, ila halali na kitu kisicho na namba. Alfajiri, alipojitolea kupakia mabegi, alibadilisha nyekundu kwa nyekundu, kisha ile halali akaitia begini mwake aje airudishe baadaye. Hakuigeuza.

Kule mbele, Morris mwenyewe aligeuka.

"Kuna shida, Metroni?"

"Kuna wizi."

"Aah, watoto. Lete hiyo, nitamtafuta mwenyewe. Tutasimama Maktau wachimbe dawa, haja haina subira."

Maktau. Kumbe ndipo Mhandisi alipokuwa anangoja.

Tryphena aliizika thamosi ndani ya sanduku, katikati ya pamba na sodo, na mkono ukatoka na Glock chini ya leso. Lakini Morris naye, tangu aliposhuka kidogo Taveta, alikuwa na kitu kiunoni, na kati yao kulikuwa na watoto thelathini.

Akasimama.

"Ukaguzi."

Neno moja tu. Zipu zikalia basi zima. Tangu kidato cha kwanza wanajua: kitu kikipotea, kila mtu anafungua. Hata kiranja. Hata Madam Pauline, mwalimu wao wa jiografia, alifungua mkoba wake huku akipiga miayo.

"Na Anko?" Kasiva akauliza.

Morris alicheka. "Mimi mgeni wenu."

"Hata Madam amefungua. Ama umetufichia kuku?"

Basi likaangua kicheko. Kisha likaanza kuimba, viganja vikipiga viti: "Fu-ngu-a! Fu-ngu-a!" Tryphena alikuwa akija mbele taratibu, kiti kwa kiti, uso wa mtu anayetafuta thamosi. Morris aliwatazama, tabasamu limemganda. Mtu hawezi kuwakatalia watoto wanaocheka na bado akabaki Anko.

Akainama juu ya begi.

Kwa mikono yote miwili.

Mdomo wa Glock ukamgusa mbavuni, chini ya leso.

"Sylus anakusalimia," Tryphena alimnong'oneza, akimtoa bastola kiunoni. "Cheka kidogo. Watoto wanaona."

"1147!" Firdaus alikuwa ameshaichomoa thamosi begini. "Hii ndiyo yangu."

"Munyao, simamisha gari," Tryphena alimwambia dereva. "Anko anaumwa, nashuka naye na sanduku langu. Madam, pitilizeni mpaka Voi. Maktau msisimame, hata mtu akizimia."

Basi likaondoka. Vumbi likatua.

Aliliweka sanduku mbali, nyuma ya kichuguu. Kisha akampa Morris simu yake.

"Mwambie Mhandisi gari limewaharibikia. Aje."

Probox nyeupe ilitokea Maktau, ikapunguza mwendo. Morris alisimama kando ya lami, mikono mitupu. Kioo kilishuka. Mhandisi aliitazama ile mikono, akaelewa, na hakuuliza swali.

Risasi mbili.

Morris alikaa chini kama mtu aliyechoka.

Kutoka nyuma ya mgunga, Tryphena alijibu. Tairi. Kioo. Bega. Mhandisi alianguka nje akipiga kelele kwa lugha ambayo Tryphena hakuijua, na vijana wa Nyumbani waliokuwa wamelala Maktau tangu usiku wakimvizia, bila Tryphena kuambiwa, wakafika na Land Cruiser, wakamfunga pingu.

"Maji," Morris alisema.

Tryphena alipiga magoti, akamtilia maji midomoni. Hakumeza. Akamfumba macho kwa kidole, kwa sababu hata huyo alikuwa na mama.

Simu ikaita.

"Nani alikuruhusu kutoa mzigo kwenye basi?"

"Hakuna."

"Ungeharibu kazi ya miaka miwili."

"Bosi, mimi ni metroni. Kazi yangu ni kuhesabu watoto wakienda na kuwahesabu wakirudi."

Akakata simu, akamwonyesha kijana mmoja kichuguu lilipo sanduku, akajifunga leso vizuri, akaanza kutembea kando ya lami kuelekea Voi.