Kitu Kilichovuta Waya

Haya hayakunipata mimi, yalimpata rafiki yangu Nthoki, fundi wa kompyuta, na Nthoki si mtu wa kuongeza chumvi. Seva, ile kompyuta kuu ya ofisi moja hapa Shauri Moyo, ilikufa, akaambiwa aurudishe mtandao kabla ya adhuhuri, la sivyo kazi atapewa mwingine. Seva akaifufua, lakini kompyuta zikakataa kuiona, akajua waya uliopita juu ya dari umeharibika. Chumba chenyewe cha seva hakina dirisha, giza tupu. Akauvuta waya autoe. Huko juu, polepole, ukavutwa kurudi ndani.

“Gordon, wacha mchezo!” akamfokea karani wa ofisi.

“Mchezo gani, dadangu? Mimi niko huku nje,” karani akajibu.

Darini kitu kikajikokota, kikahema. Haki mimi ningetoka mbio! Nthoki akauzungusha waya mkononi. “Hii ni kazi yangu! Vuta basi, tuone!” Akavuta kwa nguvu zake zote mpaka ukaanguka wote, akapitisha mpya palepale, mtandao ukarudi.

Jioni akaniletea ncha ya ule waya wa zamani, imeng'atwa. Mimi nanyonyesha, alama hizo nazijua: meno mawili ya chini, ya mtoto. Na mate yalikuwa hayajakauka.