Jina la Mgongoni

Mercyline aliita mara moja tu, wakaitika wawili.

Ilikuwa Jumapili mchana, Kawangware, ugali umeshageuzwa kwenye sahani. "Ishmael, njoo ule," akasema. Mwanawe, aliyejinyoosha kwenye kochi, akajibu, "Sawa mathe." Na kutoka bafuni, ambako hakukuwa na mtu, sauti nyembamba ya mtoto ikaitika kwamba inakuja: "Nakam, mathe."

Walitazamana. Kisha wakala kuku wao, maana familia hiyo ilikuwa na mazoea ya kutosikia baadhi ya mambo.

Kijana huyo alikuwa winga wa timu moja ya Ubelgiji, amekuja likizo. Mtaa mzima ulimjua kwa jina lililoandikwa mgongoni mwa jezi yake, Ishmael, na mama yake akaitwa Mama Ishmael kuanzia kwa muuza sukuma wiki hadi kanisani. Lakini yeye alikuwa Kevin. Ishmael alikuwa mdogo wake, na Ishmael alikuwa maiti.

Alizama mtoni chini ya Gatwekera, mtaa walikoishi zamani, wakati wa masika, akifuata mpira wa juala, wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba, uliochukuliwa na maji. Alikuwa na miaka kumi na minne, Kevin kumi na saba. Wakati huohuo kocha mmoja alikuwa akitafuta vijana wadogo wa kupeleka mashindanoni Ulaya, na Kevin, kwa ufundi wake wote, alikuwa amepita umri. Wazo la Kevin kuchukua jina na cheti cha kuzaliwa cha mdogo wake lilikuwa la kocha, lakini tusimtwike lawama peke yake. Mercyline ndiye aliyelikubali. Maji yalikuwa yameuharibu mwili, jeneza likafungwa, na huko nyumbani Butere, ambako hawakuwa wameonekana kwa miaka mingi, akasema aliyekufa ni Kevin. Kevin aliachwa Nairobi. Wanawake wa ukoo wakazunguka boma wakilia na kuliita jina la marehemu, kama ilivyo desturi, ili aliyekufa asikie na ajue kwamba safari yake imeanza. Waliita Kevin mpaka sauti zikakauka. Ishmael hakuliliwa na mtu.

Mercyline aliporudi Nairobi, yeye na Kevin walihama Gatwekera, wakaenda kupanga Kawangware kusikokuwa na mtu wa kuuliza maswali.

Baada ya Jumapili ile nyumba ilianza kunuka matope ya mto, hata Mercyline alipodeki kwa dawa. Alama za nyayo ndogo zilikutwa zimelowa sebuleni. Ukutani kulisikika mpira wa juala, pu, pu, mlio mwepesi usio na mdundo. Jirani yake Mwongeli akibisha na kuuliza, "Mama Ishmael, uko?" kulikuwa na mtu nyuma ya pazia aliyejibu kwanza.

"Hata kule Ubelgiji, mathe," Kevin alimwambia siku moja, kwa sauti ya chini, akiangalia miguu yake. "Mafans wakiimba hilo jina, kuna mtu hukimbia kando yangu akiniomba pasi. Hana viatu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia aje? Sisi wawili ndio tulimfanyia hivyo."

Mercyline alijifunga leso akatoka. Alimwendea Nekoye, mama wa maombi wa kanisa la kanzu nyeupe kule Gatwekera, anayesifika kwa kutoa mapepo. Nekoye alikuja na ngoma yake, akaketi, akavuta hewa puani, na ngoma akaiweka chini bila kuipiga.

"Huyu si jini wa kufukuza," alisema. "Huyu ni mtoto anaitwa, anakuja. Hajui alikufa. Nani alimwambia?"

"Tufanye nini, mama?"

"Umlilie. Kwa jina lake, hapo nje, watu wakisikia. Na usikawie, Mercyline. Huyu mkubwa mlimlilia akiwa hai. Huko kwa wafu wamemwekea nafasi yake, na wanamngoja."

Kevin alimngoja Nekoye atoke. "Mathe, ukilia hapo nje, mimi nimeisha. Watanifungia. Hakuna timu itanigusa tena."

Basi Mercyline akalia chumbani, mlango umefungwa, redio imewekwa juu, leso mdomoni. Alimlilia mwanawe kama mtu anayeiba sukari. Nyumba ikatulia, Kevin akapanda ndege, na kila mmoja akajiambia kwamba imetosha.

Jumamosi moja ya Septemba majirani walijaa kwake kutazama mechi. Mwongeli alileta mandazi. Kitheka, fundi wa madishi, alikuwa amekaa sakafuni karibu na skrini. Kevin aligusa mpira, na uwanja mzima wa Ubelgiji ukaanza kuliimba lile jina.

Harufu ya mto ikaingia. Mercyline alitazama kama kuna mwingine anayeisikia, akaona wote wanatafuna mandazi, na hapo kiti kilichokuwa kitupu kando yake kikabonyea taratibu, na kitambaa chake kikaanza kulowa, na mkono mdogo wa baridi, wenye mchanga katikati ya vidole, ukaingia ndani ya mkono wake kama ulivyozoea kuingia wakivuka barabara zamani, naye akashindwa kuutoa na akashindwa kuutazama.

"Mathe," sauti ikanong'ona, "wananiita wapi? Sioni njia."

Mercyline alikaza macho kwenye skrini.

"Na kule chini wanamwita Kevin. Wanamwita kila siku. Leo wamenituma nimlete."

Kwenye skrini Kevin alisimama ghafla, hakuna mchezaji karibu naye, akashika kifua na kuanguka.

La kuaibisha ni kwamba hata hapo Mercyline aliwafikiria majirani kwanza. Aliwaza watakavyosema. Kisha akainuka, akatoka hadi ua wa ploti, akaweka mikono kichwani na kulia kwa sauti iliyofungua milango yote.

"Ishmael wangu, ulikufa. Ulizama, mwanangu, ukafa. Mimi mamako nilikuzika na jina la ndugu yako ili yeye acheze mpira. Ishmael, umekufa, enda upumzike."

Watu walitoka, wengine wameinua simu wakirekodi. Mwongeli alimshika bega. "Mama Ishmael, tulia. Hajafa, ameamka, Kitheka amemwona ameketi."

"Usiniite hivyo," alisema Mercyline. "Mimi ni Mama Kevin. Ishmael alikufa kitambo."

Mwongeli aliondoa mkono. Majirani wakaaga mmojammoja bila kumtazama usoni, na video ikatangulia kufika Ubelgiji kabla giza halijaingia. Kevin alipiga simu akiwa hospitalini.

"Umesema, mathe?"

"Nimesema."

"Hakuna mtu kando yangu saa hii," Kevin akasema, na akaanza kulia.

Baada ya simu Mercyline alikipangusa kile kiti. Harufu ilikuwa imekwisha, sakafu ilikuwa kavu, na ukutani hakukusikika kitu. Alisimama katikati ya sebule na kitambaa mkononi.

"Ishmael," aliita, polepole, akiona haya.

Alingoja. Akaita tena, na hakuna aliyeitika.