Mtoto Aliyeacha Kulalamika

Jambo la kwanza kwenda kombo ni kwamba mtoto alinyamaza.

Asubuhi nzima Fenna alikuwa amewatoboa watu masikio. Miguu inaniuma, jua kali, Baba nibebe. Na haki alikuwa nayo, kwani Chongqing, huko Uchina, ni mji wa ngazi; ukimaliza za kupanda, za kushuka zinakungoja, na joto la kiangazi halina huruma na mgeni. Wazazi wake, Joost na Marijke, walikuwa wametoka Uholanzi kuja kustarehe, na sasa walikuwa hoi, hawasemezani ila kuulizana maji yako wapi. Tan Suying, mwongoza watalii wao, alikuwa na magoti mabovu na alitamani kitu kimoja tu duniani, kukaa chini.

Aliyekaa ni Fenna. Kwenye ngazi kuukuu zinazoshuka mtoni, alijitupa kitako katikati ya duara la chaki lililojaa majivu. Ulikuwa mwezi wa wafu, na jana yake watu walikuwa wamewachomea marehemu wao pesa za karatasi pale pale.

"Toka hapo!" Tan alipiga ukelele uliomshtua hata yeye mwenyewe.

Mtoto aliruka, akatetemeka, macho yakamtoka. Kisha akatulia. Akajipangusa majivu na kuanza kupanda mbele yao wote.

"Hatimaye," Joost akanong'ona. "Msimsemeshe, asije akakumbuka."

Jioni mezani, Fenna alichovya nyama kwenye mchuzi wa pilipili unaotokota, ule ule uliomliza jana, akala bila hata kupepesa macho. Wazazi wakatazamana kwa raha. Tan ndiye aliyeisikia harufu kwenye nywele za mtoto: majivu yaliyolowa, na ndani yake jasho la mwanamume mzee.

Wakiwa kwenye lifti ya hoteli, Tan alimwinamia. "Umechoka, mwanangu?"

Fenna akamjibu kwa lugha ya Tan, kwa sauti ya kukwaruza, kama wazee wa kule gatini.

"Nichoke nini? Nimebeba mizigo ya watu kwenye zile ngazi mpaka nikafia hapo hapo. Kamwili haka kepesi, bibie."

"Kasema nini?" Marijke aliuliza huku akicheka. "Amejifunza Kichina!"

Tan alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa lifti.

Asubuhi Marijke alimsubiri mlangoni mwa hoteli, macho mekundu. "Hajalala, Bibi Tan. Amesimama pale pale usiku kucha anainua miguu, huu na huu, kama anapanda ngazi. Na anatabasamu. Mwanangu hajawahi kunitabasamia hivyo."

"Mama Fenna, kosa ni langu," Tan alisema polepole. "Nilimshtua, roho yake ikadondoka. Iko kule ngazini. Kilichomo ndani yake sasa ni kitu kingine."

Alitegemea kutukanwa. Marijke akaangua kilio. "Kesho tunaruka!"

"Basi ni leo. Ndege ikishavuka bahari, roho haitaijua njia."

Akamweleza kama mama yake alivyomfanyia yeye utotoni. Mama achukue nguo ya mtoto, aende pale alipoanguka, aite jina lake njia nzima hadi kitandani, wala asigeuke nyuma. Baba akae na mtoto chumbani, na mama akifika mlangoni na kuita, baba aitikie: amerudi. Asiitikie mwingine yeyote.

"Nitaitikia," Joost alisema, kope zikimwangukia.

Jioni wanawake wawili walisimama kwenye lile duara. Marijke akaishika blauzi ya mwanawe, akaita, "Fenna, njoo nyumbani!" kwa aibu kwanza, kisha kwa sauti, na walipoanza kupanda wakasikia nyuma yao vishindo vya miguu midogo, vya kuburuta, vikisimama wakisimama na kufuata wakiendelea, kupita wauza tambi na wacheza karata ambao waliinamisha nyuso walipoyajua yanayotendeka, na kasauti kembamba kakilalamika, Mama nisubiri, Mama miguu inaniuma, huku Tan amemkaba mkono Marijke asigeuke, na Marijke analia na kuita, analia na kuita, mpaka wakafika mbele ya mlango wa chumba.

"Fenna, njoo nyumbani!"

"Amerudi!" ikaitika sauti kutoka ndani.

Nyuma yao vile vishindo vikakoma.

Tan alifungua mlango. Joost alikuwa kwenye kiti, mdomo wazi, udenda mashavuni, amelala fofofo. Fenna alikuwa kitandani amejifunika shuka hadi kidevuni.

"Mama," akasema, "miguu inaniuma."

Marijke akamrukia, akambusu, akacheka kama mwendawazimu.

"Nani aliitika?" Tan akanong'ona.

Joost alijifuta mdomo. "Mimi. Nani mwingine?"

Tan akatazama kitanda. Chini ya shuka, miguu ilikuwa bado inapanda, huu na huu.

"Mama Fenna, turudie tena…"

"Tafadhali, Bibi Tan. Amerudi. Tumechoka."

Naye Tan alikuwa amechoka, mno. Akanyamaza.

Kesho yake kwenye uwanja wa ndege, Fenna hakukubali kusaidiwa begi. Alilitupia begani, akalisawazisha kama mchukuzi wa siku nyingi, akamwonyesha Tan meno yake yote.

Tan alirudi kwake kwa ngazi za mtoni. Hakufika mbali kabla hajavisikia vile vishindo nyuma yake, vidogo, vya kuburuta.

"Mama? Miguu inaniuma."

Alijua asigeuke. Alijua pia ni nani aliyepiga ule ukelele, na ni nani aliyenyamaza. Alilia kidogo. Kisha akachuchumaa, magoti yakialika, akanyoosha mikono yake nyuma kama mama anayempokea mtoto mgongoni.

Vidole viwili baridi, kisha kumi, vikamshika shingo. Uzito ukamkaa mgongoni.

"Haya," Tan alisema, akasimama na kuanza kupanda.