Kukodi Mashine Usiyoiona

Dobi wa mtaa alianza kazi kabla jua halijakolea. Siku hiyo alikuwa na mashuka arobaini ya nyumba ya wageni. Alifua kwa mkono, beseni baada ya beseni, na vidole vilikuwa vimechanika kwa sabuni.

Hata hivyo, roho yake ilikuwa imetulia. Karakana alikofanya kazi mumewe ilifungwa, lakini walimlipa kiinua mgongo. Wakakubaliana kwamba laki sita ni za mashine ya kufulia.

Mumewe akatoka ndani na simu mkononi, uso umechangamka.

"Mama watoto, mashine ya kufulia isubiri kwanza."

"Isubiri nini?"

"Kuna kampuni ina kompyuta kubwa, wanaziita mashine za kuchimba sarafu za mtandaoni. Ziko mbali huko, sisi tunakodi kwa simu tu. Mwenzangu wa karakana keshajiunga. Unalipa laki sita, mkataba miaka miwili. Mashine inaingiza elfu moja mia nane kwa siku. Wao wanakata mia sita ya umeme na matunzo, sisi tunabaki na elfu moja mia mbili. Zidisha kwa siku mia saba na thelathini."

"Mimi niliishia darasa la saba. Zidisha wewe."

"Laki nane na elfu sabini na sita. Tunanunua mashine yako, na chenji inabaki."

Laki sita ikipotea, hawana nyingine. Dobi alimjua mtu anayejua mambo ya mashine.

"Twende kwa Fundi. Akisema ni sawa, sina neno."

Fundi alikuwa mama jirani mwenye mashine ya kusaga nafaka. Aliinunua ikiwa mbovu, akaifufua mwenyewe. Angeweza kukaa nje anapiga soga, mlio ukabadilika kidogo tu, akasema, "Mkanda unalegea huo." Ukienda kuangalia, kweli umelegea.

Aliwasikiliza, unga umemjaa hadi kwenye nyusi. Kisha akazima mashine.

"Shemeji, kazi hiyo ipo. Kuna kampuni zenye mashine kweli. Nyingine hazina hata moja, zinakulipa kwa hela ya aliyeingia baada yako. Tuseme hawa ni waaminifu. Hiyo elfu moja mia nane, nani kasema itabaki hivyo?"

"Ndivyo inavyoingiza leo."

"Leo. Sasa chukulia mashine zote za kusaga mjini zinagawana gunia moja tu la malipo kwa siku. Tukiwa kumi, nashiba. Tukiwa mia je?"

"Utapata kibaba," dobi akadakia.

"Umeona, shoga yangu. Sarafu hizo ndivyo zilivyo. Zinazotolewa kwa siku zina kiwango chake. Watu wakiongeza mashine, sarafu haziongezeki, fungu lako ndilo linapungua. Kila baada ya miaka kama minne, gunia lenyewe linakatwa nusu. Na bei yake sokoni inapanda na kushuka itakavyo."

"Sawa, mapato yatapungua kidogo," mume alisema.

Fundi akaandika kwa kidole kwenye unga uliotanda mezani. "Yakishuka nusu, ni mia tisa. Makato hayashuki, ni mia sita ile ile. Umebaki na ngapi?"

"Mia tatu."

"Mapato yamebaki nusu, wewe umebaki na robo. Yakifika mia sita, huna kitu. Na hata yasiposhuka kabisa, utangoja siku mia tano kurudisha tu laki sita yako. Mwenye mashine keshalipwa leo. Hii yangu ingekuwa na faida ya uhakika namna hiyo, ningekukodisha wewe ya nini? Ningenunua ya pili."

Dobi alimtazama kwa heshima. Waliishia darasa moja wote wawili. Mwenzake huyu alifundishwa na bili za umeme.

Mume hakununa. Akampigia wakala wa kampuni pale pale, spika wazi, wote wasikie.

"Mapato yakiwa chini ya makato, inakuwaje?"

"Bei itapanda tu, mzee wangu, ondoa shaka."

"Isipopanda?"

"Hapo mkataba unafungwa."

"Na laki sita yangu?"

"Hiyo si utakuwa umenunulia mkataba, mzee?"

Mume akakata simu. "Mama watoto, twende dukani kabla hawajafunga."

Mashine ya kufulia ilifika kesho yake. Haikupita miezi mitatu, dobi akapata nyumba ya wageni ya pili. Mumewe akashika pasi, na wateja wakamsifia kwa kunyoosha.

Mwezi wa tano tangu siku ile, yule mwenzake wa karakana alikuja amenyong'onyea. Mkataba wake ulikuwa umefungwa. Kati ya laki sita, alikuwa ameambulia laki moja.

"Sasa kampuni nyingine imenipigia," alisema. "Eti hawa ni wazuri zaidi."

"Makato yao kwa siku ni kiasi gani? Mapato yakishuka, hasara anabeba nani?" mume aliuliza.

"Nani kakufundisha kuuliza hivyo?" mgeni alisema.

"Mama mmoja hapo jirani, ana mashine ya kusaga. Vaa viatu nikupeleke. Ila jiandae, atakuuliza mpaka jasho likutoke."