Kitambaa Kibichi cha Mama Ange

Kitambaa kilikuwa kibichi tena. Asmahani alikigusa kwa ncha ya kidole, akaurudisha mkono haraka kama aliyeungua. Sanduku la konokono lililofunikwa nacho lilikuwa tupu tangu mwezi uliopita, na hapo Kasulu kipupwe kilishakausha hata midomo ya watu.

"Nani kamwaga maji stoo?" aliuliza.

Mumewe, Gharibu, alijibu kutoka dukani kwamba hajaingia huko. Binti yao Tunu alikuwa bado amelala, ingawa jua lilishapanda.

Konokono wale walikuwa amana. Mwenyewe alikuwa Maximilla, mkimbizi kutoka Burundi, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Watu walimwita Mama Ange, ijapokuwa Ange alizikwa njiani kabla hawajauvuka mpaka. Mtoto ndiye aliyekuwa akiwafuga, na mama alivuka nao ndani ya kapu la majani ya migomba. Amri ilipotoka mwaka tisini na saba kwamba wakimbizi waliopanga mitaani wahamie kambini, Maximilla alihofia lori lingewapasua magamba. Akamletea shoga yake sanduku.

"Mama Tunu, hawa hawasumbui," alisema. "Kitambaa kibichi asubuhi na jioni, ila kisichuruzike. Udongo ukiufinya ushikamane, usitoe maji. Baridi ikija wasogeze karibu na jiko, kisha uweke mkono wako hapo. Mkono ukifurahi, na wao wanafurahi. Wakikauka wanafunga mlango kwa utando mweupe, wanalala. Usiutoboe! Walowanishe tu, watafungua wenyewe. Nikipata kibali nitawafuata."

Asmahani aliahidi, na kwa miezi mingi alitimiza. Kisha Tunu akashikwa na homa. Zahanati walimpa vidonge, lakini wanawake wa kisimani walikuwa na maelezo yao: yule mtoto marehemu wa Mama Ange anatafuta mwenzake wa kucheza naye. Asmahani alizaliwa Pangani, maneno ya namna hiyo aliyanyonya pamoja na maziwa. Mzee Nurudini, mganga msomaji wa makombe, alimwambia anyunyize chumvi ya mawe kwenye pembe za nyumba. Alinyunyiza pembe zote. Mkononi ikabaki chumvi, naye akafunua kitambaa, akawamwagia konokono wa marehemu.

Walitoa povu. Walijivuta ndani ya magamba na povu likazidi kutoka, likichemka kwa sauti ndogo, mpaka likakoma. Homa ya Tunu ilishuka kesho yake, pengine kwa vile vidonge. Asmahani aliyafukia magamba nyuma ya choo, ila sanduku hakuthubutu kulitupa. Alijua kwamba ameua vya watu, na alilijua hilo chumvi ikiwa bado mkononi.

Baada ya kitambaa ikaja harufu ya majani ya migomba yaliyooza. Kuta zikatoa jasho. Dukani viberiti vikagoma kuwaka, sukari ikagandamana, na chumvi yote ikayeyuka likabaki gunia. Nje watu walitembea na makoti, lakini ndani ya nyumba ile kulikuwa na joto la kupendeza, na siku moja Asmahani alipoinua mkono hewani akausikia umefurahi, na hapo ndipo alipoelewa kwamba nyumba yao nzima imekuwa sanduku.

Gharibu hakuambiwa kitu. Aliwasha majiko ya mkaa kila chumba ili aikaushe nyumba. Ilipofika adhuhuri, saa ambayo wenyewe, wale wasioonekana, hupita, kitu kikaanza kukwangua chokaa ukutani, krr, krr, taratibu kama ulimi wenye meno, kikashuka kutoka darini kuelekea kitanda cha Tunu, na Asmahani alipoingia mbio akamkuta mwanawe amelala chali, mwili wa baridi, na midomoni mwake utando mweupe, mkavu, umeziba kinywa chote, pumzi ikipita puani kwa mbali mno. Aliinua ukucha autoboe. Akakumbuka. Akakimbilia kitambaa.

Utando ulipolowa uliyeyuka. Tunu akafungua macho, akanywa uji, akalala tena. Ikawa ndiyo kazi ya kila siku, kumlowanisha mtoto.

Mzee Nurudini aliitwa, lakini ubani wake haukushika moto. "Huyu simuwezi," alinong'ona. "Umempiga kwa silaha yangu, sasa anaijua. Mwenye amana ndiye atakayekufungua. Mwambie kweli, binti yangu."

Mwenye amana alifika Ijumaa, kibali mfukoni na kapu jipya kichwani. Alipoliona sanduku tupu, aliketi juu ya gunia la mchele.

"Ni baridi, Mama Ange," Asmahani alisema. "Kipupwe cha mwaka huu. Nisamehe."

Maximilla alilia kidogo, kisha akamshika mkono. "Usijitese, dada. Baridi siyo wewe. Nashukuru wamefia kwa mtu aliyewalowanisha."

Afadhali angemtukana. Asmahani aliona aibu mpaka akatamani ardhi impokee.

Chumbani sauti ya mtoto ikaita. Haikuwa ya Tunu.

"Mama. Umunyu."

Maximilla alisimama wima. "Ange?"

"Umunyu, mama. Umunyu."

Maximilla akageuka polepole. "Analia chumvi," alisema. "Mama Tunu, wewe ulisema baridi."

Asmahani akapiga magoti akasema yote, hata povu na ile sauti yake ndogo. Maximilla alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia chumbani, akachovya kitambaa, akakikamua kisichuruzike, akampangusa Tunu midomo huku akinong'ona Kirundi. Tunu akaamka, akaomba chai. Kufikia jioni kuta zilikuwa zimekauka, na baridi ya Kasulu ikaingia ndani kama katika nyumba nyingine.

Maximilla alibeba sanduku lake tupu. Asmahani alimfuata mpaka mlangoni.

"Umenisamehe, Mama Ange?"

"Ile ya baridi nilikusamehe," akajibu, akaenda zake.

Tunu alikua vizuri, akasoma. Lakini mkono wa kuume wa mama yake, ule uliobaki na chumvi siku ile, uliamka umelowa kesho yake baada ya Maximilla kuondoka. Ameufuta kwa kanga, ameuanika juani, ameuotesha moto. Haujakauka.