Kiwanja cha Bondeni

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ofisi ya ramani ilinuka udongo uliolowa, ilhali jua la mchana lilikuwa likichoma mabati na mvua ilikuwa imesahaulika.

"Nani kaja na viatu vya shambani?" aliuliza mkuu wa wapimaji, mzee mpole mwenye utani mwingi. "Bi Rula, nyanyua miguu nikague!"

Bi Rula alicheka. Walimwita hivyo kwa kuwa mistari yake haikupinda hata kidogo. Kazi yake siku ile ilikuwa nyepesi: kila kiwanja kilikuwa na faili lake kwenye kompyuta, na kila faili liliitwa kwa jina la mwenye kiwanja. Programu ililisoma jina hilo na kuliandika yenyewe kwenye jedwali, mahali pa mmiliki. Mafaili yote kwa mkupuo mmoja.

Ila asubuhi programu ilikuwa imegoma kwenye faili moja, la kiwanja cha bondeni, penye chemchemi. Mahali pa jina palikuwa na kistari tu. Ili kazi isonge, Bi Rula aliandika jina la kwanza lililomjia: Kidoti, jina la utani la bintiye. "Nitarekebisha baadaye," alijiambia. Akaenda kunywa chai, akasahau.

Simu ikalia. Alikuwa mama yake, aliyebaki na mtoto nyumbani.

"Mwanangu, njoo. Kidoti kalala sakafuni, nywele zinamtiririka maji."

"Si ameoga, mama?"

"Ameoga na nini? Bomba limekauka tangu jana. Na anasema anataka kwenda kwake."

"Kwake wapi?"

Mama yake alishusha sauti. "Bondeni. Anasema kapewa kiwanja."

Bi Rula alimweleza mkuu wake alichofanya. Utani ukamkauka mzee mdomoni.

"Kistari kile tulikiweka makusudi," alinong'ona. "Tulipokwenda kupima pale, mkanda ulivutwa kutoka upande wa pili, na upande wa pili hapakuwa na mtu. Pale pana jini. Tukaacha jina wazi, naye akatuacha."

Bi Rula alikirudisha kile kistari, akaiamuru programu ianze upya, lakini mahali pa mmiliki pakajiandika Kidoti, akafuta, pakajiandika tena, na kila alipofuta harufu ya udongo ilizidi, na simuni mama yake akilia kwamba mtoto ameinuka, anatembea amefumba macho, anamburura bibi yake kuelekea mlangoni kwa nguvu zisizo za mtoto, huku mahali fulani chini ya sakafu ya ofisi maji yakisikika yakitembea taratibu, kama mtu anayetafuta ngazi.

"Mzee wangu, nisaidie! Nina huyo mmoja tu!"

"Hataki tena patupu, binti yangu. Ameshaonjeshwa mtu."

"Basi achukue mwingine."

"Usithubutu!"

Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaandika. Hakuandika Bi Rula. Aliandika jina alilopewa na baba yake, ambalo pale ofisini hakuna aliyelikumbuka. Programu ililisoma, ikalipokea, ikanyamaza.

Simuni kilio kikakoma. Kisha sauti ndogo, yenye usingizi: "Bibi, mbona umenishika hivyo? Nina njaa."

Bi Rula alilia kwa furaha, uso mezani. Harufu ilikuwa imekatika. "Mpe chakula, mama," alisema. "Mwambie nampenda."

"Si utamwambia mwenyewe ukirudi?"

Kwenye meza ya mkuu, mkanda wa kupimia ulikuwa umeanza kujikunjua wenyewe. Ncha yake ilishuka sakafuni, ikapita mlangoni, ikashika njia ya bondeni, imenyooka kama mistari yake. Mzee aliukamata kwa mikono miwili, ukamponyoka.

Bi Rula alipotazama mkono wake, alikuta ameshika upande wa pili.

Mkanda ukakazwa.